Kipimo cha Gobore la Mjomba

Simu yangu siku hizi inaamini kwamba mimi ni mtu wa silaha. Kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, inaniletea mzungu mwenye ndevu aliyesimama kwenye banda la nyumbani kwake, ananishauri ninunue mashine ipi ya kupimia baruti nikitaka kujaza risasi zangu mwenyewe. Moja ina mizani ya umeme, inadondosha chembe kwa chembe. Nyingine ni ya kuzungusha kwa mkono, naye anasema hiyo ndiyo ya kuanzia. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee ninayeogopa hata kuchinja kuku, namsikiliza mpaka mwisho. Kosa ni langu. Tangu nirudi kumzika mjomba, nimekuwa nikiuliza humo swali lilelile: mtu anajuaje kwamba kipimo chake cha baruti ni sahihi?

Ngoja nikueleze, maana wewe huna haraka.

Mjomba alinilea Ilemela, wakati Ilemela bado ina mashamba. Hapo unapoona leo ghorofa na baa palikuwa na majaruba ya mpunga, yakishuka mpaka kwenye matete ya ziwa. Nyumba yetu ilikuwa juu, katikati ya mawe makubwa. Tulianika dagaa juu ya mawe hayo, na sare zetu za shule pembeni ya dagaa, kwa hiyo darasani tulijulikana kabla hatujaonekana. Mchana tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Mke wa mjomba alikuwa akisema kwamba mtoto anayelalamikia michembe ana minyoo, na kwa sababu dawa ya minyoo ilikuwa chungu kuliko michembe, tulikula.

Adui wetu alikuwa kiboko. Alitoka majini jua likizama, na akipita kwenye jaruba moja, msimu wa watu watano umekwisha. Mjomba mchana alikuwa fundi wa kushona nyavu, mwenye vidole vya kasi ambavyo wavuvi walikuja kuvitazama tu. Jioni alikuwa na gobore alilorithi kwa baba yake, na majirani walilala usingizi kwa sababu yake.

Kila gobore lilikuwa na kipimo chake. Wenye magobore wote wa upande wetu walilishika hilo kama dini. Hukuazima kipimo cha jirani hata kama bunduki zenu zilitoka kwa fundi mmoja, kwa sababu kilichoitosha ya kwake kingeweza kuipasua ya kwako. Cha mjomba kilikuwa ncha ya pembe ya mbuzi, nyeusi kwa kushikwa. Aliijaza baruti, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa pembe kusawazisha, kisha akaimimina mtutuni.

Nilipofika darasa la nne, mwalimu alitufundisha vipimo. Alisema kipimo cha kuaminika ni kile chenye namba. Vingine ni ushamba. Kesho yake niliiba ile pembe niende kuwaonyesha wenzangu ushamba wa kwetu. Wakati wa mapumziko tuliifanya pishi ya duka, tukauziana mchanga, mpaka ikaniponyoka ikaanguka juu ya jiwe na kumegeka mdomoni. Niliirudisha nyumbani, nikaichomeka kwenye ufa wa jiwe nyuma ya jiko, nikanawa mikono kama muuaji.

Mjomba aliitafuta siku mbili. Siku ya tatu aliniita akiwa na vitu vitatu mkononi: kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi, kipande cha mwanzi, na ganda la risasi la shaba.

“Mjomba,” aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo. “Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Tazama kipi kinaingia sawa na ile pembe. Usinijibu sasa. Nenda navyo huko nyuma kwenye mawe, utulie.”

“Unamwuliza mtoto?” mke wake alidakia kutoka jikoni. “Kesho utamwuliza mbuzi mwenyewe.”

“Mbuzi hajafika darasa la nne.”

Nilikaa kwenye mawe na vile vitu vitatu mapajani. Pembe ilikuwa kwenye ufa, ningenyoosha mkono ningeishika. Ilikuwa imemegeka kidogo tu. Ningeijaza mchanga, nimimine huku na huku, na jibu lingepatikana. Mtoto wa darasa la pili angeweza. Lakini niliogopa kukutwa nayo. Nikachagua ganda la shaba, kwa sababu liling'aa, na kwa sababu kitakoni lilikuwa na namba. Nilikuja kujua ukubwani kwamba namba zile hazikuhusu chochote tulichokuwa tunapima.

“Hiki,” nilimwambia.

“Umelinganisha?”

“Nimelinganisha.”

Akanitazama, akatabasamu. “Basi.”

Alikwenda kulijaribu alasiri, akilenga kichuguu. Nilisikia mlio ambao haukuwa wa gobore letu. Mtutu ulikuwa umepasuka, na vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto havikurudi nyumbani. Hakushona wavu tena. Mwaka ule viboko walikula mpunga wetu na wa majirani, na binti yake mkubwa aliacha shule kwenda kushika jembe na mama yake. Mimi niliendelea mpaka chuo kikuu. Nimeandika hata makala kuhusu kusema ukweli, na zimesifiwa.

Kila aliyekuja kumpa pole, mjomba alimjibu, “Nilikosea kipimo.” Aliyechagua hakumtaja, nami nilikaa pale nikimwacha aseme hivyo.

Siku ya tatu ya msiba wake, miaka arobaini baadaye, tukichambua mchele kwenye ungo mmoja, nilimwambia mke wake kila kitu. Hakuinua macho.

“Pembe alijua unayo,” alisema. “Alikuona ukiichomeka. Kule kutafuta kulikuwa kujifanya tu.”

“Sasa kwa nini hakuniambia niitoe?”

“Hakutaka kukuaibisha. Alisema, nimemkalisha palepale ilipo pembe, atalinganisha mwenyewe, na siku akijisikia kusema atasema.” Aliokota kijiwe, akakitupa. “Uliposema umelinganisha, mwenzio aliamini.”

Nilikwenda nyuma ya jiko. Mawe yale hayapo; yalipasuliwa kokoto, yakaingia kwenye kuta za watu. Majaruba hayapo. Viboko sijui walihamia wapi, na watoto wa pale wamewaona kwenye vitabu tu. Vyote hivyo ningevizoea, kama watu wanavyozoea. Nisichokizoea ni zile likizo zangu zote, miaka arobaini, nikifika na sukari na kanga za mke wake. Nilimpa mjomba shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za safari. Kisha alinyamaza kidogo, akiwa amegeuza kichwa upande wangu, kama mtu anayempisha mwenzake aongee. Mimi nilidhani ni uzee.