Massoudi, anayetafuta kambare kabla ya saa sita

BUJUMBURA, Aprili 2004. Saa moja na nusu asubuhi ya Jumamosi, Massoudi Hamisi anaingia ziwani hadi magotini, anashika ubavu wa boti, na kuwahesabu wageni wake kwa sauti kubwa ili askari aliyekaa chini ya turubai asikie.

"Wawili, na mi wa tatu!"

Askari anaandika. Amri inajulikana: boti ya matembezi ikitoka asubuhi, saa sita iwe imegusa mchanga, na watu ni wale wale. Ikichelewa, haitoki tena.

Leo kuna amri ya pili. Mwenye boti ni Geneviève, mama wa makamo anayeuza vinywaji hapa ufukweni, na amesema neno lake bila kuzunguka.

"Massoudi, juma mbili wageni wangu wanarudi mikono mitupu. Leo tena ikiwa hivyo, boti naipa mutu wa muchanga. Ule pale ananingojea."

Kweli, mwanamume anayesomba mchanga kutoka Kanyosha amekaa juu ya kreti ya chupa na kikombe cha chai mkononi. Hana haraka.

"Sawa, Maman Geneviève," anajibu Massoudi. "Mwambie anywe polepole."

Massoudi ana miaka 46, mzaliwa wa Buyenzi. Kwa miaka 19 alikuwa fundi wa mota za boti. Vita ilipokausha safari za ziwani, mota ziliacha kuletwa gereji. "Mutu hatengenezeshi moteri yenye haitembei," anasema.

Mwaka jana watu walipoanza kurudi ufukweni mwisho wa juma, aliiona boti ya Geneviève imelala kifudifudi mchangani, akaomba kuitumia kuwapeleka watu kuvua kambare. Nusu siku ni faranga elfu kumi na tano, yeye anabaki na elfu nne. Watoto wake watano wanakula juu ya mgongo wa samaki huyo.

Wageni wa leo ni Pontien, mstaafu wa posta, na mkewe Marguerite. Wanakaa Mutanga Nord, mtaa wa wenye uwezo huko mlimani, na kwa miaka kumi wamelitazama ziwa kutoka barazani bila kulishukia.

"Kutoka kwetu linaonekana kama sahani," anasema Pontien. "Nilitaka kujua ndani mule muko nini."

"Mi nilitaka kujua kama ataanguka," anasema Marguerite.

Kaskazini, upande wa mto Rusizi, hakuruhusiwi. Massoudi anaelekeza boti mahali mto Ntahangwa unapomwaga maji yake ya udongo ziwani. Majuma mawili yaliyopita mvua ilikatika, maji yakawa meupe, kambare wakakimbilia chini. Juzi imenyesha. Sasa rangi mbili zinaonekana wazi, kahawia na buluu, zimegusana lakini hazijachanganyika.

Huko milimani, ambako vita haijaisha, kitu kinalia, buu! Mara moja. Hakuna anayeuliza. Massoudi anazima mota, anachukua mti mrefu, anauchomeka hadi chini, anauvuta na kunusa ncha yake.

"Unanusa nini?" anauliza Pontien.

"Majani yenye kuoza. Yakinuka hivi, kambare iko karibu. Haina shida ya macho, ile. Ndevu ndiyo macho yake."

Pontien anaomba mti, naye ananusa. Anapiga chafya. Anaomba tena.

Mishipi ya Massoudi haina timazi za dukani. Inazamishwa na nati za magari, masalia ya gereji za Buyenzi. Na chambo chake ni sabuni, ile nyeusi ya mawese ambayo harufu yake inamtoa mtu chumbani. Alifundishwa na Byamungu, mkimbizi kutoka Uvira: kambare akisikia mafuta yale ndani ya maji machafu, anakuja mwenyewe.

Massoudi anafungua kitambaa ili aikate. Anaganda. Ndani kuna sabuni ya rangi ya waridi, bado imo kwenye karatasi yake ya maua.

"Fatouma," anasema polepole. Ni jina la mkewe.

Marguerite anacheka hadi boti inatikisika. "Kambare yako inaenda arusi?"

Fatouma hakatai. Alipoulizwa baadaye nyumbani, alijibu akichambua mchele: "Alisema analeta wazee wa Mutanga. Nikaona haya. Mugeni apewe sabuni yenye kunuka ndani ya nyumba ya nani? Nikatoa yangu yenye niliweka kwa siku ya Idi. Mi najua wageni. Samaki sijapata kuiongelesha."

Massoudi anaikata hivyo hivyo. Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne, mshipi umelala kama uzi wa fundi cherehani. Pontien anauliza kila swali linalowezekana kuulizwa juu ya kambare: analala saa ngapi, anaishi miaka mingapi, anapumuaje matopeni. Massoudi anajibu yote, lakini macho yake yanakwenda ufukweni.

Halafu anageuza pua kwenye kapu la Marguerite.

"Maman, samahani. Muko nini ndani?"

"Chakula yetu. Bugali ya muhogo, maharage ya mawese, na ndagala."

"Naomba."

"Unaomba kuonja?"

"Apana. Naomba kuitupa ndani ya maji."

"We Massoudi! Niamuke saa kumi na moja nipike, nije kulisha samaki?"

"Mupe tu, mama," anasema Pontien.

"We nyamaza, we ulikula asubuhi."

Hapo Massoudi anawaeleza jambo ambalo hakutaka wageni walijue: mtu wa mchanga, kikombe cha chai, na boti ambayo huenda leo ameishusha kwa mara ya mwisho. Marguerite anatazama ufukweni. Anafunua kapu, anamtazama Massoudi akifinyanga bugali na mawese, kisha anampiga mkono.

"Toa! Unakanda kama mutu anapakaa grisi."

Anakanda yeye, anaponda ndani wale ndagala, dagaa wa ziwa, anatengeneza vidonge vigumu na kuvichoma kwenye ndoana kimoja kimoja, kama mtu aliyezaliwa akifanya hivyo.

Saa tano na dakika ishirini, mshipi wa Pontien unakimbia.

"Yoo! Imenishika!" anapiga kelele mzee.

"We ndiye umeishika, Papa! Usivute!"

Kambare huyu si mdogo. Anachimba chini, anazunguka, anaivuta boti kando. Robo saa inapita, bado hajaonyesha hata ndevu. Massoudi anatazama jua. Kwa mota, kufika pwani ni dakika tano, lakini mota ikiwashwa mshipi utakatika.

"Nikikata mushipi, boti inachukuliwa na Geneviève," anasema, kama anayejihesabia. "Nikingoja, inachukuliwa na askari."

Anachukua kasia. Anamwambia Pontien: "Ikivuta, muachie. Ikichoka, mudai. Sisi tunaenda nayo nyumbani." Marguerite anapandisha kitenge chake kizuri juu ya magoti na kushika kasia la pili.

Hivyo ndivyo walivyorudi, polepole, wakimtembeza kambare ziwani kama mbuzi wa kamba. Ufukweni watu wakaanza kusimama. Wengine wakaacha chupa zao mezani, wakaja hadi majini. Saa sita kasoro dakika nne boti iligusa mchanga, na samaki akaburutwa nchi kavu mbele ya kila mtu: mweusi, mpana wa kichwa, kilo tisa kwenye mizani ya jikoni.

Askari alihesabu watu watatu. Akainama juu ya kambare. "Na huyu? Huyu hakuandikwa."

Geneviève alimtazama samaki kwa muda mfupi tu. Muda mrefu aliwatazama wateja wake waliomzunguka Pontien, ambaye alikuwa anawaeleza habari za ndevu. Wawili walikuwa tayari wanaulizia Jumamosi ijayo. Akamwendea mtu wa mchanga.

"Chai ni ya bure, ndugu yangu. Boti, apana."

Kwa Massoudi alisema maneno machache zaidi: "Mpaka mvua ziishe. Kisha tutaona."

Massoudi hadai kwamba amepewa boti. Mvua zitakwisha Mei. Anachotaka ni kufikia siku ambayo njia ya Rusizi itafunguliwa, maana kule, anasema, kwenye matete, kuna kambare wa kumshinda huyu mara mbili. Anataka kuwachukua wageni asubuhi, wale chakula cha mchana majini, na kurudi jua likiwa limeinama upande wa milima ya Kongo.

"Siku ile," anasema akifuta matope kwenye kasia, "sitauliza mutu ni saa ngapi."