Mkwe, Nanasi na Gunia la Unga

Nilipoacha kula bukari, ugali wetu, mtu aliyeumia zaidi hakuwa mke wangu. Alikuwa mama yake, ambaye kwa desturi yetu hakutakiwa hata kuniona nikitafuna.

Mambo yalianzia kwenye kibanda changu cha kushona, karibu na soko. Mteja mmoja, dereva wa lori la kwenda Manono, alikuwa akinisubiri nifupishe suruali yake, akanionyesha video kwenye simu. Mzungu kifua wazi, tumbo bapa kama ubao, anakula nyama, samaki, mayai, asali na matunda, basi. Hagusi unga, hagusi majani. Dereva alisema yeye alijaribu akashindwa siku ya tatu. Nilimcheka. Alipoondoka nikajipima kiuno kwa utepe uleule niliompimia yeye, nikaacha kucheka.

Jioni nilimweleza mke wangu. Aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

"Hata hii huli?"

"Hata hiyo."

"Sawa. Lakini watu wakiuliza, utawaeleza mwenyewe."

Basi nikaanza. Asubuhi mayai manne na papai. Mchana samaki, mikebuka ya kuchoma, na nanasi au maembe. Jioni nyama ya mbuzi tukiipata, tukiikosa ndagala, yaani dagaa. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, nikawa mkali kwa wateja, na nikashona mfuko wa shati la mwalimu mmoja upande wa ndani. Wiki ya tatu niliipunguza suruali yangu kiunoni. Nilipita nayo mtaani polepole, ili nionekane.

Mwezi ulipotimia, mama mkwe akafika kwa mtumbwi kutoka kwao Mpala, kando ya ziwa, na gunia la unga wa mahindi na muhogo aliousimamia mwenyewe mpaka kinuni. Kwetu mkwe na mkwe hawali pamoja wala hawaongei ovyo. Yeye alikaa uani jikoni, mimi sebuleni, katikati pazia la mlangoni. Hatukuonana. Lakini sahani zilipita, naye alikuwa hodari wa kusoma sahani.

Ya kwanza ilirudi na bukari nzima, haijamegwa. Nilimsikia akiuliza, "Ameshibia wapi?"

"Hajashibia mahali, mama," mke wangu akajibu. "Siku hizi hali bukari."

"Ni muganga alimukataza?"

"Hapana. Ni simu."

"Simu njo inamukataza muntu bukari?"

Kesho yake alisonga mwenyewe. Harufu yake ilipita pazia kama mgeni asiyebisha hodi. Nikala samaki wangu, nikala embe, bukari ikarudi. Siku ya tatu akaanza kunisemesha kupitia binti yake, akiniita papa, yaani baba, kwa heshima.

"Muulize papa kama unga wangu uko na mchanga."

"Mwambie mama unga wake ni mzuri sana."

"Muulize basi kwa nini anautazama tu."

Pazia lenyewe lilikuwa kitambaa chembamba, kila neno nililisikia. Hata hivyo mke wangu alilazimika kusimama katikati na kurudia yote, mara huku, mara kule. Siku ya nne alichoka. Alichukua kikapu, akasema, "Naenda soko. Nyinyi wawili mtajuana," akatoka.

Tukabaki bila mjumbe. Nilimsikia mama mkwe akisafisha koo.

"Wewe kuku," akamwambia kuku aliyekuwa akidonoa huko uani, "ungekuwa na akili, ungemuuliza yule papa binti yangu amemukosea nini."

Upande wangu hapakuwa na kuku. Palikuwa na nanasi juu ya meza.

"Nanasi," nikasema, "mwambie mama binti yake hana kosa lolote. Mimi nataka tu kupunguza tumbo."

Nilidhani nimemuudhi. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kuku, sikiliza. Nilipokuwa musichana, kule Mpala, mwaka moja muhindi ulikauka shambani, muhogo nao ukaoza. Tulikula samaki na maembe, samaki na maembe, mupaka mavuno ingine. Mama yangu alituambia tutafune polepole, tujidanganye kuna bukari. Siku unga ulifika, alilia mbele ya chungu. Sasa huyu papa ana gunia nzima ndani ya nyumba, na anakula kama sisi mwaka ule. Kwa kupenda."

Nililitazama nanasi. Niliona haya, na si haya kidogo, nikasahau desturi yote.

"Mama," nikasema, "naomba bukari."

Nikasikia mwiko ukigonga chungu. Kisha mkono ukapita chini ya pazia, ukaweka sahani sakafuni, ukarudi haraka. Nilikula yote, na mchuzi, na mikebuka miwili. Nikaisukuma sahani chini ya pazia, ikarejea imejaa, bila swali. Nilikula na hiyo.

Mke wangu aliporudi alituona tumetulia, mmoja huku, mmoja kule. Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Nani alikuletea?"

"Kuku," mama yake akajibu kutoka uani.

Alikaa kwetu wiki mbili zaidi, na mimi nikapata njia yangu. Mchana nakula bukari, ya ukubwa wa ngumi. Sahani ikirudi jikoni tupu, hakuna anayeuliza lolote. Asubuhi bado ni mayai na papai, maana nimeyazoea na kusema kweli nayapenda. Tumbo limerudi nusu. Dereva wa lori alipopita tena akaniuliza nilifika wapi, nikamwambia nilifika mpaka mama mkwe. Alitikisa kichwa, akasema huko hakuna anayepita, akanikabidhi suruali nyingine ya kufupisha.