Mama Mlango na watu aliowafungia

Ovaroli ya kijivu inambana mabegani. Mama Mlango anaipapasa zipu kuhakikisha imefika juu, kisha anasogea mahali pake. Ni asubuhi, ndani ya ghala la zamani lililogeuzwa studio ya tamthilia ya televisheni. Mbele yake kuna mlango wa rangi ya fedha ambao watazamaji wanaamini ni wa chuma. Ni wa mbao nyepesi, na nyuma yake wamejificha maseremala wawili wanaouvuta kwa kamba.

"Mlango umefungwa, Kapteni," anasema, akibonyeza kitufe kisichounganishwa na chochote.

Mwongozaji anasimamisha kazi. Anamwomba arudie, safari hii bila kutetemeka. Anarudia, na mkono unatetemeka vilevile.

"Tangu kile kipindi cha moshi, mkono huu haunisikii tena," anasema wakati wa mapumziko, akiukalia kama mtu anayemzuia mtoto mtundu.

Kwa kazi yake hasa, yeye ni mshonaji wa mapazia. Studio ilimfahamu alipoletewa oda ya vitambaa vyeusi vya kuzibia madirisha. Alipokwenda kuvitundika, wakamwona. Walikuwa wanatafuta mtu wa kusimama mlangoni mwa chombo cha angani, mtu mzima asiyechekacheka ovyo. Alidhani wanamtania. Tangu hapo amesimama mlangoni misimu mitatu, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake.

Tamthilia yenyewe inahusu watu waliohama dunia iliyokauka, wakisafiri kutafuta makazi mapya. Anayependwa ni kapteni. Mama Mlango hufungua, hufunga na kuitikia. Malipo yake hayajawahi kumtoa kwenye cherehani, lakini anakiri kwamba aliipenda raha ya kusalimiwa sokoni.

Mambo yalibadilika msimu huu. Katika kipindi kimoja, moto unazuka katika ghala la chini la chombo. Moshi unapanda, na kapteni anaamuru mlango ufungwe ili abiria wengine wapone, ingawa vibarua wangali ndani. Mama Mlango anabonyeza kitufe. Kipindi kilichofuata, kapteni anavishwa nishani. Vibarua hawatajwi tena.

Siku ya pili baada ya kipindi cha moshi kuonyeshwa, aliingia chumba cha kushonea cha nyumbani kwake akiwa na wasiwasi. Humo anafanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi anakata, yeye anashona. Mtoto wa kiume wa wifi huyo aliteketea katika kiwanda cha magodoro, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa nje. Mlinzi aliyekuwa na ufunguo alisema aliagizwa. Hakuonekana msibani, wala hajawahi kufika kwao hadi leo.

Mama Mlango alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Wifi hakumlaumu. Alitandaza kitambaa, akapima, akaanza kukata. Ndipo akauliza, macho yakiwa kwenye mkasi.

"Wifi, yule mama wa mlangoni, baadaye alikwenda kwa wafiwa?"

"Nikamwambia sijui, haijaandikwa," anakumbuka Mama Mlango. "Akasema, basi ndiyo hivyohivyo. Akaendelea kukata. Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo mazungumzo chumbani yalikauka. Mapindo, kamba, vipimo, basi. Mumewe alijaribu kuwachekesha, akaambulia patupu, akarudi sebuleni kwake.

Wiki iliyofuata studio ilimpa maneno mapya. Alitakiwa amtanie kapteni kuhusu viatu vyake vya sherehe. Alisimama mbele ya kamera, akakataa kuyasema. Aliwaeleza kwamba mwanamke huyu hawezi kutania viatu kabla hajajibu kuhusu waliobaki chini.

Kazi ikasimama. Mtunzi wa tamthilia alimkumbusha, kwa upole, kwamba watu wanamfuata kapteni, na mtu wa mlangoni ni mtu wa mlangoni. Mtayarishaji hakuwa mpole. Alisema ajali za angani hutokea wakati wowote, na nafasi ya mlangoni haikosi mtu.

"Nilielewa," anasema Mama Mlango. "Nikaenda nyumbani. Nilijiuliza, mimi na umri huu, nimegombana na watu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo?"

Baada ya siku chache mtunzi alifika nyumbani kwake kutaka jibu la mwisho, kama atayasema maneno yale au la. Akamkuta wifi mezani. Akakaribishwa kiti, akaketi katikati ya mabunda ya vitambaa, akauliza kwa dhati kabisa: kama huyo mwanamke angekwenda kwa familia moja ya wale vibarua, angesema nini?

Aliyejibu ni wifi.

"Mimi sikutaka aseme kitu. Nilitaka aje."

Mtunzi hakuuliza ni nani. Alikunywa maji aliyopewa, akaaga bila kuahidi chochote.

Lakini aliandika. Ni tukio fupi: mwanamke wa ovaroli anatembea hadi chumba cha mama wa kibarua mmoja, anabisha, anafunguliwa, anaingia. Hakuna anayezungumza. Wamekwisha kulirekodi, na kwa maelezo ya mwongozaji, siku hiyo mkono ulitetemeka na hakuna aliyemwambia arudie.

Tatizo ni kwamba mtayarishaji analiona linachosha. Amesema ataamua mwenyewe kama libaki au likatwe, na kipindi kinaonyeshwa Jumapili hii jioni. Mama Mlango, kwa furaha ya kupita kiasi, alikuwa ameshamweleza wifi yake kila kitu. Sasa hata kula hawezi vizuri. Juzi alishona pazia zima kichwa chini.

"Wakilikata, atangoja tena mtu asiyekuja," anasema. "Na safari hii nitakuwa mimi niliyemwambia angoje."

Hajui pia kama mkataba wake utaendelea. Anasema hilo atalifikiria Jumatatu. Kwa Jumapili ana mpango: wifi atakuja kwake, watakaa sebuleni, mumewe ameombwa asitie neno. Tukio likikosekana, atazima televisheni, atavaa viatu, atatoka nje na kufunga. Kisha atabisha hodi, asubiri wifi mwenyewe aje kumfungulia.

Je, amemwambia mpango huo?

Anatikisa kichwa. "Hapana. Anaweza asifungue."

Mwongozaji anaita. Mama Mlango anautoa mkono alioukalia, anaukunjua vidole, anarudi mahali pake.