Nepi za Marehemu Kwenye Kichanja cha Dagaa

Binti yangu alirudi nyumbani Ujiji kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi inavyotaka, wakati mama yake yuko kaburini. Shida ilianzia hapo. Desturi inasema binti akae kwa mama yake mpaka arobaini iishe, ale uji, akandwe maji ya moto, afuliwe. Haisemi mama asipokuwepo nani afue. Mumewe ni dereva wa lori, muda wote yuko barabarani. Mimi ni mzee wa dagaa. Nilianza kwa kubeba ndoo za watu ufukweni, leo nina vichanja vyangu vya kuanikia na nyumba ya bati. Shule niliionja tu. Lakini sijawahi kushindwa na kazi.

Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Akarudi amejishika tumbo, hawezi kuinama hata kuokota kijiko, na mfuko mkubwa wa pampasi umemtangulia mlangoni.

"Nimekuja nazo ili usisumbuke, baba."

"Nani amekwambia nasumbuka?"

Pesa ya pampasi ninayo, mtu asidhani ni ubahili. Kazi ilikuwa kuzitupa. Choo chetu, tangu ziwa lilipopanda, maji yamekaribia mdomoni. Ukitumbukiza kitu kinaelea kinakutazama. Kuchoma ndiyo mwiko kabisa. Bibi zetu walisema ukichoma kinyesi cha mtoto, makalio yake yanaungua pale pale alipolala. Kama ni kweli sijui, na sikutaka kuwa wa kwanza kujua. Basi nikawa nachimba mashimo nyuma ya nyumba, na ardhi yetu ni mchanga. Asubuhi moja mbwa akapita mtaani na pampasi mdomoni, kichwa juu, kama aliyepewa zawadi. Jirani yangu, mama anayeanika dagaa kando yangu na ambaye mdomo wake hauna mlango, akapiga kelele: "Babu! Mali yako hiyo inaondoka!"

Binti akaona aibu. Ili nisichimbe sana, siku iliyofuata akamwacha mtoto na pampasi moja tangu asubuhi mpaka jua linazama. Tulipoifungua, mapaja mekundu.

"Unaona?" nikasema. "Plastiki ni plastiki."

"Si plastiki, baba. Ni mimi nimechelewa kubadilisha."

"Ni plastiki."

Nikaenda kuvuta sanduku la marehemu. Mke wangu alipoanza kuugua, alikuwa akikaa kitandani anakata vitenge vyake vikuukuu, vipande vya mraba, kisha anavipinda pindo kwa mkono. Nilimuuliza ni vya nini, maana binti alikuwa hata hajashika mimba. Akasema, "Kitenge kipya kinakwaruza. Mtoto anataka nguo iliyochoka." Alivifunga vyote ndani ya kanga moja, na humo vilikuwa bado vimo.

"Kuanzia leo ni nepi hizi," nikasema.

Binti alizipokea, akazinusa, akalia kidogo. Halafu akauliza, "Atafua nani?"

"Mimi."

"Wewe? Hujawahi kufua hata soksi yako."

"Sina soksi."

Basi nikafua. Nilichota maji ya ziwa nikapanda nayo uani, nikaweka beseni na kipande cha sabuni ya mawese, nikachuchumaa. Nilidhani kazi ni kubeba boti kwenda majini. Kazi ni nepi. Unamaliza, unanyoosha mgongo, mlango unafunguliwa, nyingine hiyo. Jirani akaleta kigoda chake akakaa kutazama, hata dagaa wake akawasahau.

"Babu, mkeo ana umri gani huyu?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, ndio utani wenyewe. "Mdogo," nikamjibu. "Hata jino hana."

"Mke mkubwa hukumfulia hata kitambaa cha kichwa. Huyu asiye na jino unamfulia kutwa!"

"Huyu hanijibu."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilicheka kidogo. Lile la mke mkubwa lilikuwa kweli, na jirani hakulisema kwa ubaya, lakini liliniingia na halikutoka.

Kamba ya kuanikia nguo haikuwepo. Ilikatika marehemu alipoondoka na hakuna aliyeifunga tena. Nikazianika ninapojua kuanika. Ukinitafuta ufukwe mzima, utaambiwa yule mzee dagaa wake hawaozi. Kichanja kinapata jua juu na upepo wa ziwa chini. Nilizitandaza nepi pale, nikazigeuza kama ninavyogeuza dagaa, zikakauka zikawa kakakaka. Nilijiona fundi.

Mtoto akazidi kuumia. Wekundu ukawa vipele, vipele vikawa vidonda. Nikalaumu joto. Nikalaumu pilipili ya mama yake. Pampasi nilizilaumu tena, ingawa alikuwa hajavaa hata moja tangu sanduku lifunguliwe.

Ndipo akashuka mkwe wangu kutoka Kalinzi, mama wa yule dereva, na pikipiki imebeba mkungu wa ndizi kama abiria wa pili. Mama wa shamba, mikono mipana, hana maneno mengi. Tulisalimiana, akaingia ndani, akamfungua mtoto. Alipotoka alisimama mbele yangu.

"Mkwe, usikasirike. Nitakuja na gari niwachukue wote wawili. Hapa hakuna mwanamke."

Kalinzi ni kule juu milimani kwenye mashamba ya kahawa, na njia yake naijua, mashimo matupu. Nikaufikiria ule mshono wa binti. Nikaifikiria na nyumba. Tangu mke wangu afe nilikuwa nakula nimesimama jikoni, kwa sababu ukikaa mezani peke yako unasikia unavyotafuna. Binti aliporudi ndipo nikaanza kukaa tena.

"Hakuna mwanamke, lakini nepi safi zipo," nikasema. "Nafua mwenyewe."

Akachukua moja, akaiweka puani. Uso ukabadilika.

"Unaanika wapi hizi?"

"Kichanjani."

"Kichanja cha nini?"

"Cha dagaa. Unadhani cha nini?"

Akainyanyua nepi juani. Kila mahali kwenye uzi, magamba madogo madogo yanametameta, na chembe za mchanga katikati yake. Akajisugua nayo chini ya mkono, akanionyesha ngozi ilivyokwaruzika.

"Mmemvisha mjukuu wangu dagaa."

Nikamgeukia binti, amesimama mlangoni. "Na wewe hukusikia harufu?"

"Nilisikia," akasema. "Nilidhani ni yako."

Kule kwenye vichanja, jirani alikuwa amekaa chini kabisa kwa kicheko. Nyumba yetu inanuka dagaa tangu ilipojengwa. Binti yangu alilelewa ndani ya harufu hiyo, angeitambuaje? Ilibidi aje mtu anayenuka kahawa.

Mkwe hakucheka. "Jumapili nakuja na gari. Nikikuta ngozi imefunga, anakaa. Nikikuta hivi, tunapanda."

Nilichemsha nepi zote kwenye sufuria kubwa ya misiba. Nikafunga kamba ya nyavu toka nguzo ya nyumba hadi mpera. Nikatoa pasi ya mkaa ya marehemu, binti ananielekeza kutoka kitandani, "geuza, baba, geuza," na bado nikaunguza pembe ya moja. Asubuhi tulimlaza mtoto mlangoni bila nguo, jua likiwa bado laini. Dagaa ambao ningenunua ufukweni walinunuliwa na wengine. Vidole vikakataa kukunjuka, nikawa nashika kikombe cha chai kwa viganja viwili.

"Baba, usiku tumvalishe pampasi," binti akasema. "Nitambadilisha mapema. Wewe ulale."

Nilikubali kwa sababu nimechoka, si kwa sababu alinishinda. Nikachimba shimo refu na kuweka jiwe juu, mbwa wa watu akatafute kwingine.

Jumapili gari likasimama. Nilikuwa kwenye beseni. Mkwe alinipita, akaingia. Nilisikia mtoto anageuzwa. Nikaendelea kusuuza nepi ile ile iliyokwisha takata.

Akatoka anakunja mikono ya gauni. "Sogea, mkwe."

"Mtoto vipi?"

"Sogea, nimesema. Unafua kama unakanda zege."

Nikasogea. Nilikaa kwenye kiti karibu na ukuta, nikasema nipumzike kidogo tu, halafu nimuulize tena anijibu vizuri.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka upande wa Kongo. Nepi zimenyooka kwenye kamba, zote. Gari halipo. Mwili ulikuwa mzito, sikuweza kuinuka kwenda kuchungulia, nikabaki nimetega sikio. Ndani, mke wangu mdogo akaanza kulilia titi, na mama yake akamwambia polepole, "Nyamaza, utamwamsha babu."