Gitaa la Mama wa Jikoni

Fundi makochi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mtaa mzima ulishaukubali: hakupenda wimbo wowote unaopendwa na watu. Redio ikianza kupiga kitu kinachoimbwa na kila mpita njia, aliizima akaendelea kugongelea misumari. Waimbaji wake yeye ni wale ambao hata majirani zao hawajui kama wanaimba. Kulikuwa na mzee mwenye kinanda kibovu, aliyevikwepa vitufe vilivyokufa hadi ukadhani ndivyo alivyotaka. Kulikuwa na mama mmoja aliyejirekodi jikoni kwake, sauti yake na sufuria tu, basi. Akimsikia yule mama, fundi aliweka nyundo chini.

Lakini raha ya namna hiyo ukiila peke yako hainogi. Wateja walimcheka, mafundi wenzake wakambatiza Redio Mbovu. Hata mkewe alipofunga virago alisema, pamoja na mengine, kwamba amechoka kuishi na watu wanaolia ndani ya boksi. Baada ya hapo fundi alinyamaza, kazini na nyumbani.

Aliyemtoa huko ni shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Siku moja alipita karakana akauliza, "Hivi shemeji, huwa unasikiliza nini? Nipe na mimi nionje." Fundi nusura amkumbatie. Alinakili nyimbo kwenye memori kadi, na kwa kuwa kitu chenyewe ni kidogo mno, akakishonea kifuko cha masalia ya kitambaa cha kochi na kukifunga mdomo kwa uzi wake mnene. Kukifungua lazima ukate kwa mkasi. Tangu hapo, kila alipogundua mwimbaji mpya alishona kifuko, na shemeji hakukawia kuleta majibu.

"Shemeji, uko juu! Yule mama wa jikoni, lile gitaa lake limeniua!"

Gitaa halikuwepo. Fundi alijiambia kwamba mwenzake amechanganya waimbaji, akamshonea kifuko kingine cha mama huyohuyo.

Kisha kochi la kwa dada likabonyea. Halikupita mlangoni, kwa hiyo fundi alilifanyia kazi palepale sebuleni. Tumbo la kochi humeza mengi, fundi yeyote atakwambia: vitana, kalamu, hereni iliyogombaniwa mwaka mzima. Alichana kitambaa cha chini, akaingiza mkono, akatoa vifuko vyake. Kimoja, kingine, vyote. Kila mdomo ulikuwa na fundo lake mwenyewe. Hakuna hata uzi mmoja uliokatwa.

Dada aliingia na chai, akaviona sakafuni.

"Kaka, usikasirike. Mimi ndiye niliyemtuma. Ulikuwa huli, huongei. Nikamwambia akuulize habari za muziki wako."

"Na kusifu?"

"Nilimwambia asifu tu, chochote. Lakini si ulirudi ukawa mtu, kaka? Si ulicheka?"

"Nilicheka. Mlinivika kilemba cha ukoka, nikatembea nacho mtaa mzima."

Hakuigusa chai. Nyimbo zake kudharauliwa alishazoea, hilo halikumuuma. Kilichomchoma ni kwamba kila alipomsikiliza yule mama alikuwa na uhakika kuna mwingine mahali fulani anayemsikia. Kumbe alikuwa peke yake muda wote, na ndugu zake wakijua. Aliona amesalitiwa, na huruma yao ndiyo iliyozidi kumuudhi.

Alilimaliza kochi kwa sababu kazi ni kazi. Alibadilisha sponji, akakaza springi, akavuta kitambaa kipya hadi kikanyooka bila kunyanzi. Alikuwa akikusanya vyombo vyake shemeji aliporudi kutoka kazini na kufungua mlango.

"Shemeji, uko juu! Kochi limekuwa laini ajabu!"

Fundi alimtazama. Mkono wa shemeji ulikuwa bado umeshika kitasa.

"Hujalikalia," alisema.