Ruksa ya Kuruka

Mimi nilianza kuruka kwa sababu ya ng'ombe. Baba alikuwa akilundika majani makavu ya migomba nyuma ya zizi ili awatandikie ng'ombe wake, na lundo likifika kiunoni hakuna mtoto wa kijiji chetu cha Akheri aliyeweza kulipita akaliacha salama. Tulifunga kamba kati ya miti miwili, tukaipandisha kidogo kidogo, na kila aliyeivuka aliangukia majanini. Wasichana wenzangu walipenda rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Rede mimi ilinichosha, nilitaka juu. Baba, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, akitokea na fimbo, "Mmefanya majani yangu godoro?", sisi haoo, tumetawanyika shambani.

Darasa la saba nilikuwa nawashinda wavulana. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mfupi mwenye maneno mengi, alinipeleka wilayani, kisha mkoani, nikarudi na chupa ya chai na sahani mbili za plastiki. Mama alikuwa fundi cherehani sokoni Tengeru. Ile chupa aliiweka juu ya kabati, na chai yake aliinywa mchungaji peke yake.

Nilipomaliza kidato cha nne kiwanda kimoja cha umma mjini Arusha kiliniajiri. Kwenye karatasi nilikuwa karani, lakini kazi yenyewe ilikuwa kuruka kwenye mashindano ya mashirika. Raha iliyoje! Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka, ruksa kuingiza magari. Kiwanda nacho kikauzwa, na mwenye mali mpya hakuona maana ya karani anayeruka. Timu ikafa Ijumaa moja asubuhi, nikarudishiwa viatu vyangu kwenye mfuko wa rambo.

Nikapata kibarua kwenye kampuni changa iliyokuwa ikirusha watalii kwa parachuti, kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Nilianza kwa kufagia, kisha nikafundishwa kukunja parachuti. Kila siku nawatazama wazungu wanashuka, huyu anacheka, yule analia, wote wamekuwa kama watoto. Mimi niliyezaliwa na miguu ya kuruka nakunja vitambaa! Wivu, jamani, wivu mtupu. Mwaka wa pili nikamwendea mkufunzi, mwanajeshi mstaafu asiyetabasamu kabla ya chai ya saa nne, nikamwambia nataka kuruka, tena niifanye iwe kazi.

"Kuruka utaweza," akasema. "Barua ya baba yako iko wapi?"

"Nina miaka ishirini na minne!"

"Hata uwe na arobaini. Sitaki kwenda nyumbani kwa mtu kujieleza."

Baba nilimkuta akipalilia kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajiegemeza kwenye jembe. "Huko mjini kila kitu ruksa," akasema. "Hapa kwangu bado." Akaendelea kupalilia. Nilirudi mara tatu, na mara tatu aliniuliza habari za mvua.

Basi nikaamua kumtumia mshenga. Nilimfuata yule mwalimu wangu wa michezo, ambaye sasa alikuwa amestaafu na hana kazi yoyote ya kutumia maneno yake. Nyumbani nikasema tu kwamba Jumamosi kuna mzee anakuja na neno. Lo! Mama zangu wadogo walifika alfajiri, sufuria la machalari likainjikwa, ndizi na nyama mpaka juu, na baba akavaa suti ya kanisani. Nikaona aibu, lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Mwalimu akaingia na kreti la soda na begi kubwa. Akasalimia, akakaa, akaanza: "Tumeona ua zuri kwenye bustani yenu." Baba akaitikia kwa kichwa, amefurahi kweli. Akauliza kijana ni wa ukoo gani, anasali wapi na mbona hakuja.

"Tumekuja naye," mwalimu akasema. "Yumo humu begini."

Akalifungua. Parachuti nililoazima kazini likamwagika uani, jekundu, na kuku wakakimbia. Mama mdogo mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alisimama, mshipa umemtoka shingoni, nikajua hapo nimeharibu, nimemdhalilisha mzee mbele za watu na barua sitaiona.

Aliyeniokoa ni mama. Alikuwa ameshapiga magoti juu ya kile kitambaa, kwa sababu mama akiona mshono hawezi kujizuia. Alivuta pindo, akageuza, akapitisha ukucha kwenye uzi, akafuata kamba moja baada ya nyingine. Chakula kilipoa na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mwishowe akajifuta mikono.

"Mzee, hiki kimeshonwa vizuri kuliko hiyo suti yako."

"Na kikigoma?" baba akaniuliza mimi.

Nikamwonyesha cha akiba, kilichokunjwa kwenye mkoba huohuo.

"Na hicho nacho kikigoma?"

Sikutaka kumdanganya baba yangu. Nikamwambia cha tatu hakuna. Nadhani ukweli ule ndio uliomlainisha, maana aliagiza kalamu. Aliandika kwa mwandiko wake wa vikao vya kanisa: *Namruhusu binti yangu kuruka mara moja tu. Arudishwe mzima.* Akatia sahihi, ndipo tukala.

Siku yenyewe alikuja na suti ileile, akakaa kwenye benchi akitazama viatu vyake. Mimi huko juu nilipiga kelele za furaha mpaka koo likakauka. Mlima Meru ulikuwa ubavuni mwangu, wote! Nilipotua baba akanikagua kichwa mpaka miguu, kisha akamwendea mkufunzi na kumtaka amrudishie barua. Ilikuwa ya mara moja, akasema, na mara yenyewe imeisha.

Wakaelewana wale wazee wawili, mimi sikuulizwa. Kila mruko wa mafunzo ulikuwa na barua yake. Hata nilipofuzu, nikaanza kubeba watalii kifuani na kuitwa mkufunzi, ilibidi kila mwezi nipande Akheri kuomba nyingine. Nililalamika sana, na sikukosa hata mwezi mmoja.

Miaka ikaenda, macho ya baba yakaanza kufifia. Siku moja nimefika, nimemwambia shikamoo, sijakaa bado, akanisukumia daftari la shule. Kila ukurasa niliofunua ulikuwa na maneno yaleyale na sahihi yake, mistari imepanda na kushuka.

"Nimekusainia barua zote nikiwa bado naona," akasema. "Usije ukakwama."

Nililia palepale, akanifokea nisilowanishe wino.

Mwanzoni nilichana ukurasa kila mwezi. Tangu tumzike nachana mmoja tu na kuurukia mwaka mzima, ubahili mtupu, na mkufunzi wangu, ambaye sasa ni mzee sana, anajifanya haoni. Ukurasa wa mwisho niliufungua siku ileile niliyopewa daftari, kwa kiherehere changu. Hauna sahihi. Ameandika: *Hapa inatosha, mama. Shuka uje nyumbani.*