Maji ya Udhu

Miaka ile ya hamsini, choo cha wanawake pale sokoni mjini kilikufa kidogo kidogo. Kwanza ulitoka mlango, tukaning'iniza gunia. Halafu mfereji ukakauka. Mwisho likaja kufuli, tukaambiwa kitatengenezwa. Wanaume hata hawakushtuka. Wao wana misikiti kila kichochoro, na kila msikiti una choo. Sisi wa shamba, tuliokuja na gari la alfajiri kuuza kamba za usumba wa makumbi ya nazi, tukabaki kutazamana.

Mama yangu akaona dawa ni kutokunywa. Chai hagusi, maji hagusi, na jua lile. Haukupita muda akaanguka juu ya kamba zake. Baba akasema basi, soko limekwisha. Mimi kigori nikalia kuliko mama, maana na mjini kwangu kumekwisha. Mama akaomba ajaribu tena siku chache tu.

Siku ya kwanza alipobanwa alinishika mkono, akapiga hodi kwenye nyumba ya jirani na soko. Akatoka bibi mmoja mnene, wanja umemkaa. Jina lake nalijua, na la mamake, lakini wajukuu zake bado wananiamkia, kwa hivyo naliacha. Sasa mama angesemaje? Choo hakiombwi kwa mtu usiyemjua. Akaomba maji ya udhu.

Akapewa birika na kuoneshwa ua. Alikaa huko muda ambao udhu hauchukui. Kurudi, akakuta mkeka wa kusalia umeshatandikwa na mwenye nyumba amekaa pembeni, anangoja. Ilikuwa asubuhi, mama akasali dhuha, ambayo kwetu shamba sijapata kumuona akiisali.

Kesho yake akenda tena, akasali tena. Akawaambia wenzake, nao wakaja na nyuso zao za ibada. Nyumba ile ikashinda na wacha Mungu wengi kuliko msikiti wa Ijumaa.

Siku moja mama alisali laasiri palepale, akarudi kwenye kamba. Kabla gari la kurudi shamba halijaondoka, akabanwa tena. Akapiga hodi, akaomba udhu.

Bibi akamtazama. "Mwanangu, laasiri umesali hapa, nnakuona. Magharibi bado. Hii unayotaka kusali ni ipi?"

Mama akainamisha kichwa. Nlijua anawaza maneno ya baba, kuwa soko limekwisha; akikosa mlango huu, hana pengine.

"Sisali, bibi," akasema. "Nnataka choo. Na siku zote nlikuwa nnataka choo."

Yule bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, ila alitaka kuona mama atasali mpaka lini. "Ingia. Na wenzio waambie waombe choo. Mkeka wangu mmeumaliza kwa magoti."

Jioni ile baba aliuliza kama soko linawezekana. Mama akamjibu linawezekana sana, maana mjini amepata mwenyeji, mtu wa dini.